Jinsi Barkodi Inavyobeba Namba na Herufi: Mwongozo Kamili kwa Wafungashaji wa Mwanza

Dagaa wanaoshuka soko la Mwaloni Kirumba kutoka Ukerewe hawana barkodi na hawaihitaji. Bei inapatanwa palepale, gunia linabebwa, biashara imeisha. Mambo hubadilika dagaa haohao wakishakaangwa, wakatiwa kwenye pakiti na kupelekwa supamaketi. Kule keshia hapatani na mtu. Anapitisha pakiti mbele ya skana, inalia, bei inatokea.

Ninachapa lebo hapa mjini, na wateja wangu wengi ni kina mama wafungashaji: dagaa, unga wa lishe, asali, karanga. Mmoja aliishika lebo yake mpya, akaigeuza juu chini, akauliza, "Mwanangu, sasa hapa bei yangu umeiandika wapi?"

"Haimo, mama. Humo mna namba tu."

Hakuridhika, na alikuwa na haki ya kutoridhika, kwa sababu watu wengi wanaouza barkodi hawawezi kueleza kilichomo ndani yake. Mwongozo huu unaeleza. Ukiufuata na kalamu mkononi, utaweza kuiandika barkodi kwenye daftari la hesabu bila kompyuta, na utajua kwa nini lebo ya stoo yenye herufi haiwezi kutumia mistari ileile ya pakiti ya dukani.

Kilichomo na kisichomo

Barkodi ya bidhaa za rejareja, ile inayoitwa EAN-13, ina tarakimu 13 basi. Haina bei, haina jina la bidhaa, haina tarehe. Ni kama namba ya simu: namba yenyewe haijui jina lako, jina liko kwenye simu ya aliyekuhifadhi. Supamaketi inaandika kwenye kompyuta yake kwamba namba fulani ni dagaa wa kukaanga gramu 250, bei shilingi kadhaa. Ikipandisha bei kesho, lebo yako haiguswi.

Tarakimu tatu za mwanzo zinaonyesha ofisi iliyotoa namba. Tanzania ni 620, Kenya ni 616. Wengi husoma 620 wakadhani maana yake ni "imetengenezwa Tanzania". Siyo. Maana yake ni kwamba mwenye namba amejisajili GS1 Tanzania, ofisi ya hapa ya shirika linalotoa namba za barkodi. Mali yenyewe ingeweza kutoka popote. Wala barkodi si cheti cha ubora. Alama ya TBS (Shirika la Viwango Tanzania) ni jambo lingine kabisa, lenye utaratibu wake na ukaguzi wake.

Kwa hiyo namba ya kuuzia nje ya duka lako inatoka GS1. Anayekuuzia "barkodi" kwenye kibanda cha stationari bila usajili amekuchorea mistari tu, na namba aliyoitumia inaweza kuwa ya sabuni ya mtu mwingine. Utakuja kugundua siku supamaketi ikiingiza bidhaa yako na kompyuta ikasema namba hiyo ipo tayari.

Skana inaona nini

Skana hutupa mwanga. Nyeusi humeza mwanga, nyeupe huurudisha. Inachokipata kifaa ni mfululizo wa giza na mwanga, na kazi yake ni kupima kila giza na kila mwanga umedumu kiasi gani ukilinganisha na wenzake. Haijali milimita. Ndiyo maana pakiti ikiwa karibu au mbali kidogo, bado inasomeka.

Mambo mawili yanafuata hapo. Nafasi nyeupe kati ya mistari ni sehemu ya maandishi sawasawa na mistari yenyewe. Na urefu wa mistari kwenda chini hauongezi habari yoyote. Upo ili mwanga upate pa kupita hata pakiti ikiwa imeinama. Wazo hilo lilimjia Mmarekani Norman Joseph Woodland akiwa ufukweni Miami Beach, alipozichora mchangani nukta na vistari vya Morse, alama za telegrafu, kisha akavivuta kwenda chini kwa vidole. Yeye na mwenzake Bernard Silver waliomba hataza mwaka 1949, wakaipata 1952. Duka la kwanza kulipisha bidhaa kwa mistari ya aina tunayoitumia leo lilikuwa supamaketi ya Marsh huko Troy, Ohio, tarehe 26 Juni 1974, na bidhaa yenyewe ilikuwa pakiti ya bazoka za Wrigley's.

Kuandika EAN-13 kwa mkono

Chukua daftari la mraba. Kila kijumba ni kipande kimoja: ukikipaka wino ni 1, ukikiacha ni 0. Barkodi nzima ni vijumba 95 kwa upana. Tutatumia namba ya mazoezi, 620987654321. Usiichape kwenye bidhaa.

Hatua ya 1: tafuta tarakimu ya ukaguzi. Namba yetu ina tarakimu 12, na ya 13 inapatikana kwa hesabu. Kuanzia kushoto, jumlisha zilizo nafasi ya 1, 3, 5, 7, 9 na 11: 6 + 0 + 8 + 6 + 4 + 2 = 26. Kisha zilizo nafasi ya 2, 4, 6, 8, 10 na 12: 2 + 9 + 7 + 5 + 3 + 1 = 27. Hii ya pili zidisha kwa 3, unapata 81. Jumla 26 + 81 = 107. Inahitaji 3 ili ifike 110, kumi kamili inayofuata. Tarakimu ya ukaguzi ni 3, na namba kamili ni 6209876543213.

Skana hurudia hesabu hii kila mara kabla ya kulia. Tarakimu moja ikisomwa vibaya, hesabu haikubali kamwe. Mbili zilizopakana zikibadilishana nafasi, karibu kila mara hugundulika pia, isipokuwa zikiwa zimepishana kwa 5, kama 1 na 6 au 2 na 7. Keshia akiiandika namba kwa mkono baada ya lebo kuchubuka, huo ndio mwanya pekee wa kosa la namna hiyo kupita.

Hatua ya 2: nakili jedwali hili. Ni la tarakimu za upande wa kushoto, tuliite jedwali A.

0 = 0001101
1 = 0011001
2 = 0010011
3 = 0111101
4 = 0100011
5 = 0110001
6 = 0101111
7 = 0111011
8 = 0110111
9 = 0001011

Kila tarakimu inakula vipande saba, na ndani yake mna mistari miwili myeusi na nafasi mbili nyeupe, haipungui haizidi. Hesabu vipande vyeusi katika kila mstari wa jedwali: ni 3 au 5, daima witiri. Hilo limepangwa makusudi, na faida yake inakuja punde.

Hatua ya 3: tengeneza majedwali mengine mawili kutoka hilohilo. Geuza kila 0 kuwa 1 na kila 1 kuwa 0, unapata jedwali C, la upande wa kulia. Kwa mfano 5, ambayo ni 0110001 katika A, inakuwa 1001110. Kisha chukua C na uisome kutoka kulia kwenda kushoto, unapata jedwali B: 5 inakuwa 0111001. Vipande vyeusi katika B na C ni 2 au 4, daima shufwa.

Hatua ya 4: itoe tarakimu ya kwanza. Hapa ndipo pana ujanja ninaoupenda kuliko wote. Barkodi ina nafasi ya kuchora tarakimu 12 tu, sita kushoto na sita kulia, lakini namba ina 13. Ile ya kwanza haichorwi. Inajulikana kwa namna sita za kushoto zilivyochanganya jedwali A na B:

0 = AAAAAA
1 = AABABB
2 = AABBAB
3 = AABBBA
4 = ABAABB
5 = ABBAAB
6 = ABBBAA
7 = ABABAB
8 = ABABBA
9 = ABBABA

Namba zetu za Tanzania zinaanza na 6, hivyo bidhaa zote zenye 620 zina mpangilio ABBBAA upande wa kushoto. Chukua pakiti yoyote ya 620 hapo nyumbani: tarakimu 6 imechapwa nje kidogo, kushoto ya mistari, haina mistari yake yenyewe juu. Sasa unajua sababu.

Hatua ya 5: badili. Kushoto tuna 2, 0, 9, 8, 7, 6 kwa ABBBAA:

2 (A) = 0010011
0 (B) = 0100111
9 (B) = 0010111
8 (B) = 0001001
7 (A) = 0111011
6 (A) = 0101111

Kulia tuna 5, 4, 3, 2, 1, 3, zote kwa C:

5 = 1001110
4 = 1011100
3 = 1000010
2 = 1101100
1 = 1100110
3 = 1000010

Hatua ya 6: weka mipaka. Mwanzo chora 101, katikati 01010, mwisho 101. Hiyo ndiyo mistari mirefu inayochungulia chini kuliko mingine. Ile 101 ya mwanzo inaipa skana kipimo: mstari, nafasi, mstari, kila kimoja upana wa kipande kimoja. Jumla ni 3 + 42 + 5 + 42 + 3, sawa na 95. Mistari myeusi ukiihesabu ni 30.

Na ule witiri na shufwa? Tarakimu ya kwanza ya kushoto daima inatoka jedwali A, ambalo ni witiri. Upande wa kulia wote ni shufwa. Keshia akiipitisha pakiti ikiwa kichwa chini, skana inakutana kwanza na shufwa tupu, inajua imeanzia mwisho, inageuza yenyewe.

Lebo ya mzani wa samaki

Kuna EAN-13 ambazo hubeba uzito au bei kweli, nazo zinawachanganya watu. Ni zile stika zinazotoka kwenye mzani wa buchani au kaunta ya samaki ndani ya supamaketi. Namba zinazoanza na 20 hadi 29 zimeachwa kwa matumizi ya ndani, na kila duka hujipangia.

Tuseme duka limepanga hivi: 21, kisha tarakimu tano za aina ya samaki, kisha tano za gramu. Minofu ya sangara imepewa 00017, na kipande kimepima kilo 1.480. Namba inakuwa 21 00017 01480, na ukifanya hesabu ya hatua ya 1 unapata 18 + 18 = 36, kwa hiyo tarakimu ya ukaguzi ni 4. Lebo: 2100017014804. Sato akipimwa baadaye anapata tano zake. Stika hiyo ukiipeleka supamaketi ya jirani, kompyuta yao itaitafsiri kwa mpango wao, au itakataa.

Herufi zinapoingia

Yote hayo ni tarakimu tu. Jaribu kuandika MWANZA kwa EAN-13 na umekwama. Hakuna mahali pa herufi. Stoo, karakana, maktaba na hospitali zinahitaji herufi, na mwaka uleule wa 1974 David Allais na Ray Stevens wa kampuni ya Intermec walikuja na Code 39.

Code 39 ina unene wa aina mbili tu: mwembamba na mnene. Kila alama ina vitu tisa, mistari mitano na nafasi nne zinazopishana, na vitatu kati ya hivyo tisa ni vinene. Inabeba alama 43: herufi kubwa 26, tarakimu 10, na - . $ / + % pamoja na nafasi ya wazi. Herufi ndogo haina.

Namna zilivyopangwa ni nadhifu mno. Tuandike 1 kwa chembamba na 3 kwa kinene, tukianza na mstari, kisha nafasi, kisha mstari, hadi tisa:

3 = 3 1 3 3 1 1 1 1 1
C = 3 1 3 1 1 3 1 1 1
M = 3 1 3 1 1 1 1 3 1
W = 3 3 3 1 1 1 1 1 1

Angalia mistari peke yake, yaani ya kwanza, ya tatu, ya tano, ya saba na ya tisa. Katika zote nne, minene ni miwili ya mwanzo. Kinachotofautisha tarakimu 3 na herufi C, M na W ni nafasi nyeupe ipi imenenepa. Tarakimu huinenepesha nafasi ya pili. A hadi J ya tatu. K hadi T ya nne. U hadi Z, pamoja na -, nukta, nafasi ya wazi na nyota, ya kwanza. C ni ya tatu kati ya A na J, M ni ya tatu kuanzia K, W ni ya tatu kuanzia U. Ndiyo maana zina mistari ya namba 3.

Mistari mitano nayo ina thamani zake: 1, 2, 4, 7, 0. Jumlisha thamani za ile miwili minene na unapata tarakimu. Minene ikiwa ya kwanza na ya pili, 1 + 2 = 3. Ya pili na ya tatu, 2 + 4 = 6. Isiyofuata kanuni ni moja tu: 4 + 7 husimama badala ya 0, au ya kumi katika safu yake. Alama $ / + % ziko nje ya mpango huu. Ukishalishika hilo, huhitaji jedwali. Z ni ya sita kuanzia U, kwa hiyo mistari ya 6 na nafasi ya kwanza nene: 1 3 3 1 3 1 1 1 1.

Mwanzo na mwisho wa kila Code 39 huwekwa nyota. Hapa ndipo watu wanaotumia fonti za bure kwenye Word hukwama. Wanaandika MWZ-25, mistari inatokea, skana haisomi. Andika *MWZ-25*, nyota zote mbili, na itasoma. Kati ya alama na alama acha nafasi nyembamba moja. Fonti inafanya hivyo yenyewe.

Kasoro ya Code 39 ni upana. Kila alama inakula vipande 15, na kimoja cha kutenganisha. MWZ-25 na nyota zake ni alama 8, kwa hiyo 8 × 16 kutoa 1, vipande 127. Ukichapa kila kipande kwa milimita 0.25, lebo ni karibu milimita 32 bila pembeni. Kwenye kreti la samaki hiyo si shida. Kwenye kichupa kidogo cha asali ni shida.

Code 128, ya kazi nzito

Code 128 ilitoka mwaka 1981. Kila alama ina vipande 11 vilivyogawanyika katika mistari mitatu na nafasi tatu, na unene ni wa aina nne, kipande 1 hadi 4. Herufi A, kwa mfano, ni 10100011000. Ina seti tatu. Seti A ina herufi kubwa na amri za kompyuta. Seti B ina herufi kubwa na ndogo, tarakimu na alama za kawaida. Seti C ina tarakimu tu, lakini inazibeba mbilimbili kwa alama moja.

Kila alama ina thamani. Katika seti B thamani ni namba ya ASCII ya herufi hiyo (namba ambayo kompyuta huipa kila herufi) kutoa 32. A ni 65 katika ASCII, kwa hiyo 33. Tarakimu ya ukaguzi hapa ni lazima, nayo inapatikana hivi. Chukua thamani ya alama ya kuanzia, ambayo kwa seti B ni 104. Ongeza thamani ya kila herufi ukiizidisha kwa nafasi yake. Kwa MWZ-25:

Mwanzo: 104
M: 45 × 1 = 45
W: 55 × 2 = 110
Z: 58 × 3 = 174
-: 13 × 4 = 52
2: 18 × 5 = 90
5: 21 × 6 = 126

Jumla 701. Gawanya kwa 103, unapata 6 na baki 83. Alama ya ukaguzi ni ile yenye thamani 83. Kwa sababu ya hesabu hii, fonti tupu ya Code 128 haitoshi. Tumia programu inayokokotoa yenyewe. Zint ni ya bure, na Inkscape ina sehemu ya kutengeneza barkodi ndani yake.

Upana: mwanzo 11, herufi sita 66, ukaguzi 11, kikomo 13. Jumla vipande 101, dhidi ya 127 vya Code 39. Sasa linganisha na hili: katika seti C, vipande vilevile 101 vinabeba tarakimu 12. Herufi sita au tarakimu kumi na mbili, bei ya karatasi ni ileile. Kwa hiyo mtu wa stoo akija kwangu na namba ndefu kama SAMAKI-MWANZA-KIRUMBA-0001, humwomba arudi akaipunguze. Maneno yakae kwenye kompyuta. Kwenye lebo iwe herufi mbili tatu na tarakimu.

Onyo moja la kwetu kanda ya ziwa. Majina yenye king'ong'o, kama Nyang'hwale au Ng'ombe, hayaandikiki kwa Code 39 ya kawaida kwa sababu alama ' haimo kati ya zile 43. Code 128 inayo, lakini Word huibadilisha kimyakimya kuwa ile iliyopinda, ambayo haimo katika ASCII, na programu itakataa au itaweka kitu kingine. Iandike kwenye Notepad kwanza, au iache kabisa.

Katoni za minofu

Katoni za minofu ya sangara zinaposafiri nje ya nchi huhitaji habari zaidi ya namba ya bidhaa. Hapo Code 128 hutumiwa kwa kanuni za GS1, na kila habari hutanguliwa na namba ya utambulisho: 01 ni namba ya bidhaa, 17 tarehe ya mwisho ya matumizi, 3102 uzito halisi wa kilo wenye desimali mbili, 10 namba ya toleo la uzalishaji. Mfano wa mazoezi:

(01)96209876543216(17)270630(3102)000840(10)KRM05

Ni bidhaa yetu ileile ikiwa imefungwa katoni ya kupimwa uzito (ndiyo 9 ya mwanzo), inaisha 30 Juni 2027, kilo 8.40, toleo KRM05. Mabano ni ya macho ya binadamu, hayamo ndani ya mistari. Toleo nimeliweka mwisho kwa makusudi: urefu wake hubadilika, na likikaa katikati inabidi liwekewe alama ya kulitenganisha na linalofuata. Hesabu pia: tarakimu 34 za mwanzo zinakula alama 17, ilhali KRM05 yenye herufi na tarakimu tano inakula sita, moja ikiwa ya kuhama kutoka seti C kwenda B.

QR kwa kifupi

QR ilitoka Japani mwaka 1994, kampuni ya Denso Wave, chini ya mhandisi Masahiro Hara. Badala ya mistari ina vijumba, kuanzia 21 kwa 21 hadi 177 kwa 177, na miraba mitatu ya pembeni inaionyesha kamera upande wa juu uko wapi. Ina hali ya herufi kubwa na tarakimu, alama 45 jumla, ambapo 0 hadi 9 zina thamani zao zenyewe na A huanza na 10. Herufi huchukuliwa mbilimbili: thamani ya kwanza mara 45, jumlisha ya pili, andika kwa vijumba 11.

MWANZA inagawanyika MW, AN, ZA. M ni 22, W ni 32: 22 × 45 + 32 = 1022, yaani 01111111110 kwa hesabu ya kompyuta ya 0 na 1. AN ni 473, yaani 00111011001. ZA ni 1585, yaani 11000110001. Jumla vijumba 33. Ukiandika "Mwanza" kwa herufi ndogo, QR inalazimika kutumia vijumba 8 kwa kila herufi, jumla 48. Juu ya hapo huongezwa data ya kurekebisha makosa, na katika kiwango cha juu kabisa QR husomeka hata karibu asilimia 30 ya data ikiwa imeharibika. Barkodi ya mistari haina rehema hiyo.

Kuchapa bila kuharibu

Hesabu zote hizo zinaweza kufia kwenye printa. Upana wa kawaida wa kipande cha EAN-13 ni milimita 0.33, na unaruhusiwa kushuka hadi asilimia 80, karibu 0.264. Printa nyingi za lebo zinazouzwa mjini ni za nukta 203 kwa inchi, yaani nukta moja ni milimita 0.125. Kipande lazima kiwe nukta kamili: mbili ni 0.25, ndogo mno; tatu ni 0.375, sawa. Kwa hiyo kwenye printa hiyo chagua nukta tatu, barkodi iwe kubwa kidogo. Mteja akisisitiza ipunguzwe ili picha ya samaki ipate nafasi, punguza samaki. Printa ya nukta 300 inakupa nukta nne, karibu 0.339, na inapendeza.

Acha eneo jeupe: vipande 11 kushoto, 7 kulia. Kwa ukubwa wa kawaida barkodi nzima na pembeni zake ni milimita 37.29 kwa 25.93. Usiivute kwa kipanya upande mmoja baada ya kuitengeneza, na usiitume kwa WhatsApp kama picha. Inabanwa na kingo za mistari zinafifia. Tuma faili la PDF kama dokumenti.

Rangi: skana nyingi hutumia mwanga mwekundu, na mwekundu kwenye mwanga mwekundu huonekana mweupe. Mistari myekundu juu ya karatasi nyeupe haionekani kabisa. Tumia nyeusi, bluu nzito au kijani nzito juu ya nyeupe au njano. Pakiti ya dagaa inayoonyesha ndani haina nyeupe yoyote nyuma ya mistari, kwa hiyo chapa kwanza mraba mweupe.

Lebo za joto zisizo na riboni (utepe wa wino) hufifia kwenye jua na joto. Kwa mzani wa kaunta zinatosha. Kwa bidhaa itakayokaa rafuni miezi, au katoni ya chumba cha baridi, tumia riboni na karatasi ya plastiki. Kwenye chupa ya duara yenye kipenyo kidogo, ilaze barkodi ili mistari ipande kama ngazi. Ikiizunguka chupa, mistari ya pembeni inajificha kwenye mviringo.

Kuijaribu kabla ya kuchapa elfu

Skana ya USB ni kibodi tu machoni pa kompyuta. Ichomeke, fungua Notepad, skani: namba inajiandika, kisha mshale unashuka mstari mpya. Jaribu pakiti iliyojazwa bidhaa, siyo lebo bapa mezani, kwa sababu mkunjo wa nailoni huonekana tu pakiti ikishatuna. Jaribu kichwa chini. Linganisha tarakimu 13 zote na karatasi uliyopewa na GS1, moja baada ya nyingine. Kisha ipeleke supamaketi unayotaka kuiuzia, mwombe keshia aipitishe mara kadhaa saa ambayo hakuna foleni. Skana ya simu yako husoma hata lebo mbovu, kwa hiyo usiitegemee. Ile ya kaunta ndiyo itakayoamua.